Nafasi Nne

Onencan anashikilia kwamba kifaru wa mawe
hafai kuruka, hata mchezo ukisema anaruka.
"Mwili ule! Hebu tazama miguu!"
Tuko nyuma ya kota za polisi, Pakwach,
simu moja, kioo kimepasuka pembe hadi pembe,
chaji asilimia kumi na moja,
na ubishi wa kutufikisha kesho kutwa.

Kinyonga tumemnyang'anya kutoweka.
Hatoweki yule. Hubadilika rangi, tena polepole,
nawe umemkodolea macho.
Tumempa macho mawili yasiyoshauriana,
moja la kumtazama adui, moja la kutafuta mlango.
Senene wetu moto haumtishi; humponza taa.
Iwashe tu, atakuja mwenyewe, na sufuria unayo.
Kambare tumemwachia umeme. Huo ni wake.
Onencan alimshika mtoni akiwa na miaka sita,
na hadi leo akisimulia, mkono hujificha mgongoni.

Tembo? Mimi nilisema nguvu.
Omagor, kaka yangu, akasema: "Kukumbuka.
Wale wanaovuka barabara usiku
kwenda kwenye mihogo ya mama Acen,
unadhani wanaongozwa na nguvu?"
Tukaandika, nyuma ya daftari la hesabu: kukumbuka.

Kilichotushinda ni sheria ya nafasi nne.
Kila kiumbe hubeba mbinu nne, ya tano haiingii.
Ukitaka kumfundisha mpya, mchezo hukuuliza,
bila haya:
Asahau ipi?

Onencan haoni tatizo. Kitovu chake kimezikwa hapa.
Mimi nahesabu vidole chini ya daftari.
Soroti, Kiteso cha nyumbani na Kiswahili cha kota.
Baba akahamishiwa Kasese: Kikonzo nikakiokota
kwenye foleni ya bomba la maji,
Kiingereza kikaingia na kiboko.
Sasa Kialuri kinabisha hodi,
na juzi bibi alipiga simu kutoka Soroti
akanitajia ule ungo wake wa kupepetea wimbi,
akataka nimwambie jina lake, mzaha tu.
Nikafungua mdomo.
Palikuwa na nafasi tupu yenye umbo la neno.
Omagor alinijibia. Hakunicheka,
ndipo nilipoogopa.

Basi natoa hoja kabla chaji haijakata:
kiumbe asiulizwe asahau ipi.
Abebe zote. Achelewe kidogo, hewala,
akosee katikati ya pambano,
atoe maji palipohitajika mwamba,
watu wacheke, aendelee.

"Hiyo haina mantiki," anasema Onencan.
"Kichwa kitapasuka."
"Na tembo je?"

Simu inazimika.
Kwenye kioo cheusi tuko watatu, ufa umetukata shingo.
Omagor ananinong'oneza tena lile neno la ungo.
"Mmesemaje?" anauliza Onencan,
naye analijaribu, vibaya,
halafu tena,
vibaya kidogo.