Punda Mrefu wa Kayenze

Alishushwa kwenye lori la mahindi, usiku,
farasi jike, kahawia, mbavu zikihesabika,
na watoto walipoamka wakapiga mbiu:
punda mrefu! njooni mwone punda mrefu!
Jina likamganda. Hata sisi tuliomchangia,
watu saba wa kikoba kimoja,
hatukupata lililomkaa vizuri zaidi.

Ng'ombe tunawajua. Mimi nilishika fimbo
kabla sijashika kalamu;
najua pa kumgonga maksai ageuke kushoto,
najua mluzi wa kumsimamisha.
Punda wa mkokoteni tunawajua, na makovu yao.
Huyu hatukumjua.
Jumamosi ya kwanza nilimvuta kwa kamba,
naye akanivuta kwa kamba hiyohiyo,
na aliyeachia ni mimi.
Mstari bado upo kiganjani, unawasha
nikishika dagaa wa chumvi.

Nyamwiza ndiye aliyesema fimbo zibaki uani kwake.
Alifanya kazi kwenye mazizi ya Usa River, miaka minne,
akarudi na nyonga mbovu na maneno machache:
Ukimwomba, bana kidogo.
Akikujibu, legeza papo hapo.
Kinachomfundisha si kubana. Ni kule kulegeza.
Tukaitikia kwa vichwa, kama watu walioelewa.

Mhoja alilegeza kabla ya kubana, kwa woga.
Mazigo alibana akasahau kulegeza.
Milembe, mwenye sauti ya kuuzia sato Kirumba,
alipiga kelele, farasi akaenda kusimama mbali;
akanyamaza, akainua kidole, farasi akarudi nyuma hatua mbili.
Kidole tu, Milembe!
Tulicheka mpaka tukakaa mchangani.

Basi Nyamwiza akatuambia tujifunze sisi kwa sisi:
mmoja afumbe macho, ashike ncha ya kamba,
mwingine amwongoze kati ya vichanja vya dagaa
bila neno.
Mimi niliangukia kwa Mazigo,
ambaye hatujasalimiana tangu kesi ya mpaka.
Kamba ikakaza kidogo: kulia.
Ikalegea: ndiyo, hapo hapo.
Penye jiwe alisimama,
akasubiri mpaka mguu wangu ulipolipata.
Nilipofumbua macho alikuwa anatazama ziwa.
Shamba hatukulitaja. Hatujalitaja hadi leo.

Mwezi wa nne, zamu ya Sayi.
Mpe mgongo, Nyamwiza alimwambia.
Kwetu kumpa mtu mgongo ni tusi,
Sayi akasita, kisha akageuka,
binti wa miaka kumi na sita na ndala zisizofanana,
akatutazama sisi, sisi tukatazama nyuma yake.
Kwato mchangani. Kimya. Kwato tena.
Halafu nywele zake za shingoni zikapepea
na pumzi yenye harufu ya pumba
ikamshukia begani.
Hakuna aliyepiga makofi. Milembe alilia,
akasingizia moshi wa samaki.

Mwenyekiti wa kijiji anauliza, mtampanda lini?
Miezi mitano, hela ya kikoba,
mnatembea naye ufukweni kama bibi harusi!
Tunamwambia bado.
Anaondoka akitikisa kichwa,
na punda mrefu anasukuma magugu maji kwa pua,
anakunywa,
kamba imelala mchangani, haina mwenyewe.

Jana jioni nilimwendea maksai wangu mzee,
Lugembe, wa misimu tisa ya jembe,
mikono mitupu, nimkune tu paji la uso.
Alifumba macho, akainamisha shingo
akingojea fimbo ipite.
Nikasimama.
Nikarudi hatua moja, nyingine, nikampa mgongo.
Giza liliingia, taa za karabai zikawaka ziwani,
mbu wakaniona.
Nyuma yangu hakikusogea kitu.
Leo nitasimama tena.