Nusu Saa Kabla ya Kahawa

Huku Sodankylä, ukisema unasikia baridi
watu hutazama dirishani, wakatikisa vichwa:
nani hasikii?
Ndivyo ugonjwa wa mke wangu ulivyopata maficho,
mweupe ndani ya theluji.

Tellervo alivaa soksi za sufu juu ya soksi za sufu,
akalala nazo, akaamka nazo.
Nikamtania kwamba ndoa imezeeka,
miguu yake barafu, na mimi jiko lililozimika.
Hakucheka. Nilidhani kaudhika;
kumbe kicheko kilikuwa njiani,
kinakuja polepole, kama kila kitu chake siku hizo.

Sauti ikamshuka.
Kwaya ya kanisa ikamsogeza safu kwa safu
hadi akasimama kando ya wanaume wa besi,
na mzee Urho akamkaribisha kwa mzaha
ambao aliulilia nyumbani, sahani zikiwa mkononi.

Nywele zikaziba tundu la bafu.
Nyusi zikaliwa ncha, kama penseli ya mtoto wa shule.
Uso ukaumuka, nami nikasema: raha inakunenepesha.
(Hilo bado naliombea msamaha.)

Zahanati ya kwanza ilimpa vidonge vya huzuni.
Ya pili ikampa umri: hamsini na mbili, mama, wategemea nini?
Ya tatu ikampa taa kali ya kufukuzia giza la Desemba;
akaiketia mbele kila asubuhi
kama mshtakiwa asiyeambiwa kosa.

Kilichonizindua ni sauna.
Nyuzi tisini, mawe yananguruma,
mimi nachuruzika kama paa la mwezi Aprili,
naye yuko ngazi ya juu kabisa, mkavu,
mkavu kama gazeti la kuwashia moto,
akisema: Ongeza maji, Armas. Ongeza.

Daktari Inkeri alikuwa kijana, mikono imemwota moto.
Akampa maji ameze, vidole vikiwa shingoni:
hakukuta rovu, hakukuta uvimbe.
Kisha akamgonga kisigino kwa nyundo ndogo ya mpira.
Mguu ukaruka,
ukarudi taratibu, kama mlango wenye bawaba zilizoganda.
Daktari akagonga tena. Akanyamaza. Akaandika: damu.

Jibu lilikuja Alhamisi. Sitini na nane,
mahali ambapo nne ingetosha.
Namba hii, akasema, si ya tezi.
Ni ya ubongo unaoipigia tezi kelele.
Nikaelewa. Niliwahi kumwita kaka yangu msituni hivyo,
sauti ikipanda kila alipochelewa kuitika.

Na aliyeitafuna tezi ni kinga ya mwili wake mwenyewe.
Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa;
hiki kilikuwa chini ya kola,
na mimi ndiye niliyemfunga vifungo.

Kidonge ni kidogo kuliko skrubu ya saa.
Tumbo tupu, maji matupu,
na kahawa isubiri nusu saa.
Kwa mtu wa huku, hiyo ndiyo hukumu.
Tukakaa jikoni, birika linanung'unika,
macho kwenye saa ya ukutani kama abiria wawili,
na kwa kukosa kazi tukaanza kuzungumza.

Mikrogramu hamsini. Wiki sita. Damu.
Sabini na tano. Wiki sita. Damu.
Mia na ishirini na tano, hapo tukavuka mpaka:
saa tisa za usiku nikamkuta anasugua madirisha,
moyo unamwenda mbio kama injini iliyonaswa gia ya kwanza,
ananikaripia kwa sababu ninapumua.
Tukarudi mia.
Mimi ni fundi, najua: kabureta haifunguliwi kwa hasira.
Robo mzunguko, kisha sikiliza.

Machi, jua limeanza kurefuka juu ya mto,
tulikuwa saunani, kimya.
Tone moja likatokeza juu ya mdomo wake,
likasita,
likashuka.
Sikusema neno. Nikateka maji, nikamwagia mawe,
nikateka tena.
Inatosha, Armas! akasema. Wataka kunichoma?