Bei ya Kumbe

Makadirio ya kwanza yalikuwa kurasa sita,
safi, yamebanwa kwa pini moja:
leva laki nne na elfu kumi.
Nilizijumlisha mara tatu, nikaenda kulala.

Kisha fundi Stamen akang'oa ubao wa kwanza.

Boriti iliyo chini ya jukwaa la maigizo
aliigusa kwa kidole, wala si kwa nyundo,
kidole kikazama.
"Dumuzi," akasema, akaninyooshea kiganja chenye unga
kama mtu anayekuonjesha sukari.
Unga ule: elfu thelathini na mbili.

Tangu hapo Jumatatu ikawa siku ya kumbe.
Kumbe msingi ni mawe makavu, hayana chokaa.
Kumbe mchoro tuliopewa ni wa nyumba ya mji mwingine.
Ufa wa ukuta wa kaskazini tuliujua,
tuliuzoea kama kovu la jirani;
tulipobandua lipu, kumbe nyuma yake bomba linavuja
tangu kabla mimi sijazaliwa, polepole,
bila kumkera mtu.

Kila kumbe ina hati yake, kila hati inataka saini,
na anayetia saini ni mimi, Tsvetana, mhasibu wa manispaa,
mwenye kalamu ya kuazima na miguu ya baridi.

Mkandarasi, Genadi Tsolov, si mwizi.
Naliandika hili kwa sababu mkahawani wanasema vingine.
Ninazo risiti zake zote, hata ya misumari.
Ila ana namna ya kuvua kofia kabla ya kutaja bei,
na akivua kofia, tumbo langu linajua.

Mwezi wa tatu tukaletewa mhandisi Ralitsa.
Hakuvua chochote. Alibandika karatasi mlangoni:
HAKUNA NYUNDO KABLA YA SAINI.
Akatoboa kuta zote siku moja, matundu kumi na tisa,
"tushtuke mara moja," akasema, "kuliko kushtuka kwa awamu."
Tukashtuka. Laki moja na nusu, na zaidi kidogo.
Akiba ya dharura ilikuwa imeliwa tangu theluji.

Basi usiku ule barazani tulichinja.
Pazia la mahameli: likafutwa.
Paa la shaba: mwenyekiti alilitetea kwa nusu saa,
shaba inaonekana kutoka barabara kuu, alisema,
wageni watajua kuwa hapa pana watu.
Lifti nani ataiona?

Metodi hakusema kitu. Alikuwa pale chini, kwenye ngazi,
ndani ya kiti chake cha magurudumu,
maana mkutano ulikuwa ghorofani
na waliozoea kumbeba, wawili wamekufa,
mmoja yuko Ujerumani.
Ralitsa akafungua mlango, akauacha wazi.
Baridi ikaingia. Tukamsikia mzee akikohoa.
Paa ni bati sasa.

Iliyobaki ilikuwa saa ya mnarani.
Uso wake ulikwisha pakwa rangi, tarakimu zimeng'arishwa;
mashine na mishale, bado.
Nikapiga mstari mwenyewe, mkono haukutetemeka.

Siku ya ufunguzi meya alikata utepe,
watoto wakapanda na kushuka kwa lifti mpaka ikagoma.
Watu waliinua macho mnarani, wakatazama saa zao za mkononi,
wakacheka, wakanitazama mimi.

Jioni nilifungua daftari la waliojenga nyumba hii ya kusomea:
huyu gunia la ngano, yule siku mbili za kazi,
mjane mmoja, bangili.
Ukurasa wa mwisho una pengo. Walizidi nao.
Kando yake mtu ameandika kwa wino wa zambarau
neno moja, nikalisogeza kwenye taa nilisome:
*tutaona*.

Mishale ya saa, leva elfu moja mia moja na arobaini.
Nimeiingiza bajeti ya mwakani.
Kwa penseli.