Ulimi wa Kengele

Nyumbani kwetu Katuba, mlango wa uani
huzuiliwa na kipande cha chuma
kirefu kama mkono wa mtoto,
kichwa mviringo, kimelika upande mmoja.
Wageni hudhani ni mchi uliovunjika.
Ni ulimi wa kengele ya stesheni.

Kengele yenyewe ilikuja na reli kutoka kusini
mji ulipokuwa bado mahema na vichuguu.
Shaba ilipakiwa, haikuulizwa inakwenda wapi.
Kengele ikaihesabia safari:
moja, gari liko karibu;
mbili, pandeni;
tatu, anayelia na alie,
magurudumu hayana masikio.

Babu Mwepu aliipiga miaka thelathini na mmoja.
Kampuni ilipobadili jina
alibandua herufi za kofia, akabandika nyingine,
kichwa kikabaki kilekile.
Bendera zilipanda, zikashuka.
Yeye aliuliza tu: saa ngapi?

Kisha ukaja mwaka
majirani walipoambiwa kwao si hapa.
Mama Tshibola, aliyemkata baba yangu kitovu,
alilala wiki tatu kwenye saruji ya stesheni
na cherehani yake na kuku wawili,
baadaye mmoja,
baadaye cherehani tu.
Behewa lilifika halina madirisha.
Babu akapiga moja. Akapiga mbili.
Shefu wa stesheni akamkodolea macho.
Mara ya tatu mkono ukakataa.

Gari liliondoka hata hivyo.

Usiku ule alipanda ngazi na spana,
akaurudisha ulimi nyumbani ndani ya koti.
"Husema ulimi hauna mfupa," alimwambia bibi.
"Haya, beba huu."

Kengele bubu ilining'inia miaka
hata wanunuzi wa vyuma chakavu wakaipitia gizani.
Siku hizi pana kipande cha reli na waya;
mlinzi hukigonga kwa jiwe
gari likija, wiki ikipenda.

Jana alikuja kijana kutoka Mwene-Ditu,
siku mbili akiulizia nyumba yetu,
mjukuu wa Tshibola, pua ileile.
Alijikwaa mlangoni.
"Samahani, nimepiga teke chuma chenu."
Kilibiringika kwenye saruji, kikalia kidogo.
Bibi, ambaye siku hizi hasikii hata radi,
aliacha mwiko ndani ya bukari,
akainua kichwa:
"Hiyo ni ya ngapi?"