Ufa Husikika Kabla Haujaonekana

Waheshimiwa,
mimi ni Lorna Pruszynski, wa Ohio.
Miaka ishirini na sita nilisimama mwisho wa mkanda kiwandani
nikigonga glasi kwa ukucha.
Ndiyo, kwa ukucha tu. Mashine walileta baadaye,
na mashine ikawa inakosea.
Glasi nzima huitika,
kama mtoto aliyeitwa jina lake.
Yenye ufa hukohoa.

Nawaandikia jikoni, nimevaa koti.
Verlin amelala, au amejilaza tu, uso ameupa ukuta:
mwanamume aliyeyeyusha mchanga ukawa bilauri
leo hana chumvi ya kuyeyusha barafu mlangoni mwake.

Mnasema posho ya wasio na kazi huzaa uvivu.
Njooni muuone uvivu wangu.
Unaamka saa kumi na moja alfajiri bila kengele.
Umejaza fomu mia mbili na kumi na nne;
nakala ziko kabatini, zilipokaa sahani za wageni.
Umejibiwa mara tisa,
mara nane kwa sentensi ileile.
Mara ya tisa kijana alinipigia simu,
akaniuliza kama nimezoea kazi ya haraka haraka.
Nikamwambia: mwanangu, glasi sitini kwa dakika.
Akanyamaza. Nikasikia kalamu yake inaandika kitu.
Labda umri wangu.

Hundi yangu ya mwisho ni wiki ya mwisho ya Desemba.
Si hundi ya kumnenepesha mtu.
Haikai kwangu hata siku mbili,
hupita kama mgeni mwenye haraka:
asubuhi iko mkononi mwangu,
adhuhuri iko kwa mfamasia, dawa ya moyo wa Verlin,
jioni iko kwa Haddad muuza mayai,
naye Haddad ana kijana wa kupanga rafu,
na kijana ana mama.
Mkikata hapa kwangu
damu itatoka kwa watu msiowajua.

Halafu yuko mkwe wangu, Rodrick.
Yeye ana kazi, anatunza mitambo ya joto shuleni;
namshukuru Mungu kwa sauti ya chini, nisimtie nuksi.
Kodi ya mshahara wake mliipunguza:
dola thelathini na nane kila malipo.
Kwenu ni bahashishi ya mezani.
Kwake ni petroli,
na shule iko maili arobaini na moja.
Mkiirudisha kodi hiyo Januari,
mtu mwenye kazi ataanza kutafuta
njia ya kuifikia kazi yenyewe.

Jana niliwatazama kwenye televisheni ya jirani.
Mmoja anataka miezi miwili,
mwingine mwaka mzima au basi,
wa tatu akapiga meza ngumi, akanukuu mababu.
Maneno sikuyafuata. Sikuajiriwa kwa ajili ya maneno.
Nilisikiliza mlio.

Ulikohoa, waheshimiwa.

Sijaja na bakuli.
Miaka yote hiyo nilikatwa kila Ijumaa
na sikuuliza zinakokwenda.
Leo nauliza.

Najua mna ndege za kuwahi sikukuu,
na huko kwenu miti imeshapambwa.
Sitawachelewesha.
Ndani ya boksi hili kuna bilauri moja,
nimeiviringisha kwenye gazeti, ukurasa wa kazi,
haukuwa na kitu cha kusoma.
Ilipita mbele yangu siku kiwanda kinafungwa.
Ina ufa, mwembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga;
sheria ilisema niivunje.
Niliificha kwenye koti.
Ndicho kitu pekee nilichowahi kuiba.

Iwekeni mezani kabla hamjapiga kura.
Msiijaze maji, msiinue kutakiana heri.
Mmoja wenu, yeyote, wa chama chochote,
aigonge kwa ukucha,
na ukumbi wote unyamaze kidogo.

Ufa hauzibwi kwa hotuba.
Lakini husikika.