Si Yeye

Saa nne kasorobo, Moshi, ghorofa ya pili
juu ya duka la vipuri, mtaa wa Rengua.
Kazi yangu ni majina.
Wafadhili wanatoa fedha, mimi natoa shaka:
kila jina linaloomba ruzuku
nalipitisha kwenye orodha ya wanaosakwa kwa ugaidi
kama bibi alivyopitisha mbege kwenye kichujio,
makapi huku, kinywaji kule.

Leo mashine imekohoa.
Twaha Iddi Mbwambo, wa Pasua,
fundi bomba mstaafu wa kiwanda cha sukari,
anaomba milioni kumi na nne:
matangi mawili, na choo cha wasichana
chenye mlango unaofungika kwa ndani.
Asilimia themanini na moja, inasema mashine.
Imemnyang'anya w yake, ikamwita Taha,
ikamtupa Mbwambo pembeni kama ganda la ndizi,
kisha ikamvika mtu wa nchi nisiyowahi kuikanyaga,
mtu asiye na picha,
aliyezaliwa "takriban".

Na huyu wetu? Kitambulisho kinasema mosi Julai.
Nusu ya wazee wa Pasua walizaliwa mosi Julai,
siku ambayo karani mmoja mwenye haraka
aliwazaa wote kwa kalamu.

Mtu asidhani naidharau orodha.
Mama mdogo alikuwa Dar asubuhi ile ya Agosti,
kwenye foleni, fomu mkononi;
hadi leo, akioga, chembe ya kioo
humchomoza begani kama jino la mtoto.
Naipitia orodha kwa ajili ya bega lile.

Lakini namkumbuka pia Bwana Elifuraha,
jina safi, halikugonga hata kengele ya baiskeli.
Mashine ilimpokea kwa rangi ya kijani.
Visima vyake saba tulivitafuta Same nzima,
tukaja kuvikuta Njiro, vimesimama wima,
vina roshani na geti la umeme.

Basi nampigia simu.
"Mzee, samahani, babu yako aliitwa nani?"
Kimya. Nasikia nyundo ikigonga bomba.
"Aliitwa Mbwambo. Kabla yake Mbwambo mwingine.
Kuna nini, binti? Nadaiwa?"
Ningemwambiaje? Kanuni inanikataza.
Nauliza kama amewahi kuishi nje ya nchi.
"Nilifika Taveta," anasema, "kununua baiskeli.
Nikarudi nayo siku ileile."

Mimi naitwa Ndeshukurwa.
Orodha hainijui, wala haijui kuniandika;
napita mipaka yote kama moshi wa jikoni,
si kwa wema wangu, kwa herufi tu.
Yeye, bibi yake alimchagulia jina Kitabuni
ili limlinde.

Kisanduku cha maelezo kinataka herufi mia mbili.
Naandika: umri tofauti, ukoo tofauti, nchi tofauti.
Naiacha nyundo. Nauacha mlango
unaofungika kwa ndani.
Nabonyeza SI YEYE.
Nje, mlima umejifunika mawingu toka alfajiri
na hakuna aliyeudai kitambulisho.

Jioni ananitumia ujumbe: fedha zikiingia niambie,
niwahi mabomba kabla bei haijapanda.
Nahifadhi namba yake. Kidole, kwa mazoea,
kinaandika mahali pa jina: Si Yeye.
Nataka kufuta. Sifuti.
Orodha mpya inakuja kila Jumatatu,
na mashine haimkumbuki mtu iliyemwachia.