Swali la Kumi na Saba

Nyumba ya arobaini na moja, Konde,
upande wa chini, penye mfereji uliokauka.
Karafuu zimeanikwa hadi kwenye ngazi;
nilivuka kwa ncha za vidole
nisije nikakanyaga ada ya skuli ya mtu.

Bi Time Shoka alinisogezea kigoda
akaendelea kuchambua, karafuu huku, makonyo kule.
Maswali ya mwanzo aliyajibu mikono ikifanya kazi:
wangapi wanalala hapa, paa la nini,
maji yanatoka siku gani.
"Maji?" Akacheka. "Andika: yanatoka yakipenda."
Bei ya mchele aliijua tangu Ramadhani ya mwaka juzi.
Nikabonyeza. Nikabonyeza.

La kumi na saba
nililisoma kama tulivyofunzwa kwenye semina Chake,
sauti kavu, jicho kwenye kishikwambi:
Je, katika nchi hii unajihisi huru
kusema unachokifikiri?
Huru kabisa. Huru kiasi.
Si huru sana. Si huru hata kidogo.

Mikono ikasita.
Akainuka, akalitia komeo dirisha la ubavuni,
lile linaloitazama nyumba ya shemegi yake
(tangu uchaguzi ule, hawazikani).
Akazima redio.
Akafikiri, akaiwasha tena, juu zaidi,
matangazo ya vifo yakatujaa chumbani:
marehemu wa Kengeja, marehemu wa Kiuyu,
habari ziwafikie jamaa popote walipo.
Akamtuma mjukuu dukani akanunue kiberiti,
na kiberiti nakiona, kipo juu ya kabati.
Kisha akakaa, akavuta kanga mabegani,
akasema kwa sauti ya kubembelezea mtoto:
"Huru kabisa, mwanangu. Andika."

Kidole kikabaki hewani.
Kishikwambi hakina kisanduku cha dirisha.
Hakina pa kutia redio,
wala kiberiti cha pili.

"Na weye?"
"Mimi naandika tu, bibi."
"Nnajua unaandika. Nnakuuliza weye. Mtoto wa nani?"

Nikamwambia. Akamjua babu yangu,
Mwalimu Mbarouk wa Ole,
aliyehamishwa skuli tatu kwa mwaka mmoja
kwa sababu ya mzaha alioutoa harusini.
Nyumbani kwetu mzaha huo hausimuliwi.
Tunajua sanduku la bati alilohama nalo,
tunajua kovu la kamba kwenye kishikio chake,
mzaha wenyewe hatuujui.

"Alisema nini, bibi?"

Akafungua kinywa.
Nikauona ukija, umefika kwenye meno,
macho yake tayari yanacheka,
miaka hamsini, na bado unamcheka.
Redio ikanyamaza baina ya maiti wawili.
Akameza.

"Ulichekesha," akasema. "Wallahi ulichekesha sana."

Mjukuu akarudi mbio, jasho na kelele:
"Bibi! Faki wa dukani anauliza,
hiki kiberiti cha tano wiki hii,
leo mna mgeni gani?"

Tulitazamana.
Kwanza akacheka yeye, kwa pua,
halafu mimi, halafu mtoto bila kujua kwa nini,
na kicheko kile, nathubutu kusema,
ndicho jibu pekee nililopewa Konde nzima
ambalo halikushusha sauti.

Nikabonyeza: Huru kabisa.
Sawasawa na nyumba arobaini za nyuma yake.

Mlangoni akanitia kiberiti mkononi.
"Chukua. Na kwenu wapo watoto."

Nikavuka tena karafuu kwa vidole,
njiti zikigongana mfukoni,
hadi nyumba ya arobaini na mbili, ya shemegi.
Nikapiga hodi.
Ndani, kabla ya karibu,
nikasikia redio ikipandishwa.